Sekunde Tisa za Fundi Saa

Waliokuwepo karakanani alasiri ile ni watu wanne: fundi saa mwenyewe, mkewe, dada yake mkubwa, ambaye nyumba nzima humwita Shangazi, na binti yake, mwenye kompyuta. Saa za ukutani, ambazo nazo zilikuwepo na kusema kuliko watu, zilikuwa ishirini na tatu.

Wote walikuwa wameikazia macho picha moja. Ilikuwa saa ya mezani ya mbao nyeusi, iliyokuwa ikinadiwa mtandaoni na mtu wasiyemjua, katika nchi wasiyopata kuikanyaga. Marehemu baba yao fundi na Shangazi alitengeneza saa za watu maisha yake yote, lakini aliyoiunda kwa mikono yake tangu gurudumu la kwanza ilikuwa hiyo moja tu. Ilipotea miaka arobaini iliyopita, walipohama nyumba. Ndani ya kijimlango chake cha nyuma palionekana mchoro wa penseli: vidole viwili vya mtoto.

"Hivyo ni vyangu," Shangazi alisema kwa mara ya kumi. "Nilifinywa masikio kwa ajili ya vidole hivyo."

Mnada ungefungwa saa kumi na nusu kamili. Fundi alitaka dau lao liwekwe tangu asubuhi, ijulikane kwamba saa ina wenyewe. Binti alikataa kwa upole.

"Baba, ukitaja bei mapema unawaamsha wenzako, nao wana siku nzima ya kukupandishia. Nimeiagiza programu itaje kikomo chetu sekunde sita kabla ya kufungwa. Hawatapata nafasi ya kujibu."

"Sekunde sita?" mama yake alicheka. "Hizo baba yako hazimtoshi hata kutafuta miwani."

"Na miwani iko usoni," Shangazi akaongeza.

Fundi hakucheka. Alikuwa akitazama pembe mbili za kioo cha kompyuta. Juu, saa ya mnada ilihesabu kurudi nyuma: zimebaki dakika mbili kamili. Chini, saa ya kompyuta ilionyesha kumi na dakika ishirini na saba na sekunde hamsini na moja. Mtu mwingine asingeona kitu. Yeye aliona sekunde tisa, kama mshonaji aonavyo uzi uliochomoza.

Kwanza alidhani mnada umekosea, kwa kuwa saa kubwa ya ukutani, hakimu wa saa zote za nyumba kwa miaka thelathini, ilikubaliana na kompyuta. Kisha akakumbuka kwa nini ilikubaliana. Asubuhi, binti akiwa anaoga, aliikuta kompyuta imeitangulia saa kubwa kwa sekunde tisa, akairekebisha, kama alivyorekebisha kila kilichoonyesha majira chini ya paa lake, jiko likiwemo. Mlango wa mnada ungefungwa kwa saa ya mnada, si kwa yake. Dau lao lingefika sekunde tatu baada ya mlango kufungwa.

"Mwanangu," alisema, "asubuhi niliigusa saa ya kompyuta yako. Niliirudisha nyuma sekunde tisa."

Binti alimgeukia polepole. "Kwa nini, baba?"

"Haikulingana na ile kubwa."

"Ile kubwa," Shangazi alirudia, kwa raha ya mtu aliyengoja miaka thelathini.

"Wifi, mwache kwanza," mkewe akasema.

"Una hakika ni tisa? Si nane, si kumi?" binti aliuliza, vidole tayari.

"Ni tisa."

Hakumuuliza tena. Alifuta sita, akaandika kumi na tano, akaondoa mikono mezani.

Zilipobaki sekunde kumi, bei iliyolala tangu asubuhi iliamka. Ikaruka, ikaruka tena. Watu wasioonana, kila mmoja katika chumba chake, walikuwa wamejibanza nyuma ya sekunde zile zile wakisubiri. Ilipofika ya sita, dau lao likaingia na kukaa juu. Bei ikapanda mara mbili zaidi, wengine wakilisukuma, halikutikisika. Maisha yake yote fundi alikuwa amezisafisha sekunde na kuzitia mafuta, akidhani ni kitu chembamba kisicho na ndani. Sasa alizitazama mdomo wazi: kila moja ilikuwa ukumbi, na umati uliingia na kutoka humo kabla hajavuta pumzi.

Sifuri. Kioo kikaandika kwamba wameshinda. Shangazi aligusa vile vidole vya penseli kwa vidole vyake vya uzee.

Sekunde tisa baadaye, saa ishirini na tatu ziligonga nusu kwa pamoja, kwa kujiamini kabisa.

Fundi alingoja zinyamaze. Kisha akasimama mbele yao.

"Saa ya baba ikifika," alisema, "atakayeifungua na kuitia majira ni huyu binti. Mimi nitashika taa."