Namba Arobaini na Saba

Itangazwe kwa taifa zima kwamba asubuhi ile, kwenye kizuizi cha barabara ya Sonora, Meksiko, kuelekea mpaka wa Marekani, jeshi lilinasa mzigo mkubwa wa genge hatari. Mzigo wenyewe ulikuwa chini ya jibini, ndani ya gari bovu la mzee Refugio, ambalo mlango wake hufungwa kwa kamba.

Mjukuu wake Fermina, aliyetoka juzi shule ya bweni ya masista, alikaa kiti cha pembeni yake.

"Mzee, hii nini?" Sajenti aliinua vifurushi viwili vilivyofungwa kwa utepe wa kahawia, vimegongwa muhuri wa zambarau: 47.

"Jibini, mwanangu."

"Jibini ya unga? Na 47 ni genge gani?"

"Sijui. Naapa kwa Bikira."

"Wote huapa hivyo. Hata mbwa wetu wa kunusa dawa hajabweka. Umemhonga jibini, siyo?"

Pingu zikatolewa. Babu akanyoosha mikono afungwe. Sajenti akainama dirishani amhoji na yeye, kisha akaganda. Kwenye ukosi wa sweta la Fermina palikuwa na namba ya kutambulisha nguo za kufuliwa bwenini: 47, ya zambarau.

"Kumbe bosi wa genge ni wewe, binti?"

"Ni unga wa chapati za tortilla, afande," Fermina akasema, machozi yakimtoka. "Niliufunga kama dawa za kulevya, nikaugonga muhuri wangu wa bwenini. Nilitaka babu ashtuke akiufungua kwa shangazi, tucheke. Mwacheni. Ni mimi."