Sikio la Chiriku

Kitendawili! Nina ngoma ndogo pangoni, haipigwi kwa mkono wala kwa kijiti. Umeshindwa? Haya, nipe mji. Nimekwenda, nimefurahi, nimerudi: ni sikio.

La Chiriku, la kushoto, lilikuwa linatoa usaha tena. Mama yake, mshonaji wa kiwandani, alilisokomeza pamba, akamfunga mtoto kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi, maana kituo cha kulelea watoto hakipokei sikio bovu. Lakini mlezi wa pale si wa kuchezewa. Alimwita Chiriku kwa nyuma, polepole. Mtoto hakugeuka. Akafungua kitambaa.

"Mama Chiriku, unanifanya mtoto mimi? Rudi naye."

Kwenye zahanati, daktari aliivuta ile pamba, akakunja pua.

"Nani kakwambia uzibe? Uchafu umebaki humo humo. Tukienda hivi atakuwa kiziwi." Akatazama benchi, watoto wamejaa, wanalia wameshika masikio. "Mwaka ule wa barakoa benchi hili lilikuwa tupu. Na sikio hili lilikuwa kavu. Mlilifanyaje?"

Mawazo ya mama yalishakwenda.

Mwaka ule! Hofu ilikuwepo, nani kasahau? Lakini kiwanda kilimpa kila mshonaji cherehani akashonee barakoa nyumbani. Chiriku alishinda chini ya meza akiokota vipande vya kitambaa, hana mwenzake wa kumwambukiza mafua, mdomo haufungi. Cherehani ikilia, anaimba nayo. Ikinyamaza tu, "Mama, umelala?" Dirisha wazi, chai inapoa, mchana wote wao wawili.

Walipotoka zahanati wakafika kiwandani, msimamizi alikuwa amesimama getini.

"Kaka, nipe cherehani nikashonee nyumbani, sikio la mtoto likauke. Kama mwaka ule."

"Mwaka ule watu walikuwa wanaumwa, dada. Sasa si tumepona?" Akacheka mwenyewe. "Ingia peke yako, au usirudi tena."

Chiriku akamvuta mama yake gauni. "Mama, daktari aliuliza nini?"

Mama hakuingia. Aliinama kwenye sikio zima, la kulia. "Aliuliza, mwaka ule tulifanya nini sikio lako likakauka."

Chiriku akamshangaa mama mtu mzima asiyejua jambo dogo hivyo. Akajibu kwa sauti kubwa, ile ya mtu asiyesikia vizuri sauti yake mwenyewe, mpaka cherehani za karibu na mlango zikanyamaza:

"Si tulikuwa nyumbani!"