Malkia Watano na Vitundu Ishirini na Vitano

Msimamizi alinipa karatasi siku ya Ijumaa, saa nane mchana, nikiwa nafagia vipande vya vitambaa chini ya meza za kukatia. Alisema niende nayo nyumbani, niisome kwa utulivu, nitie sahihi, niirudishe Jumatatu. Sikuhitaji utulivu wowote. Ilikuwa na mistari sita tu: kwamba mimi, mshona vitundu vya vifungo, kwa hiari yangu nakubali kuhamishiwa usafi, kwa sababu mkono wangu hauwezi tena kazi ya mashine.

Hiari. Neno hilo nililirudia kichwani mpaka jioni.

Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye mashine ya vitundu. Miezi mitano iliyopita kisu chake kilinikata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, kidonda kikaoza, hospitali ikamalizia. Cha shahada na cha kati sasa vinaishia nusu. Vingine vipo salama, na mkono wa kushoto haujamkosea mtu. Lakini tangu nirudi kazini nimepewa ufagio, na mashati yetu hupelekwa ghorofa ya juu kutobolewa vitundu na watu wengine.

Nilikuwa nimeshaamua kutia sahihi, sitadanganya. Dada yangu, ninayekaa kwake, alisema ufagio nao ni kazi, nishukuru. Alininunulia na glavu nyeusi ili watu wasishtuke. Aliponiona napanga nguo za safari ya wikendi, alisimama mlangoni.

"Na mkono huo unakwenda kucheza na maji? Watu watakucheka."

"Kuchekwa nimezoea, dada. Nafanya kazi na Mikono."

Inabidi nieleze. Karakana yetu haina mtu anayeshona shati zima. Kila mmoja anashona sehemu yake kutwa nzima, anamsukumia wa pili, na jina la utani linakuja na sehemu. Kola ni mshona kola, mkubwa wetu kwa umri, na huongea kama mtu aliyepewa cheo ingawa hakuna aliyempa. Mikono anashona mikono na mdomo wake hauna breki. Mfuko huweza kumaliza siku bila kusema neno. Pindo anapinda chini na kukaza vifungo. Mimi ni Kitundu. Kila mwaka sisi watano huenda kambi ya ziwani, tunalala kwenye mahema, na Jumamosi tunafanya sherehe ya mavazi. Mwaka jana tulikuwa wapishi. Mwaka huu tulikubaliana kuwa malkia, na Kola akaniambia nisijisumbue, vazi langu limeshashughulikiwa.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kukodi mitumbwi midogo, ile ya mtu mmoja mmoja. Mwenye mitumbwi, baba mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, alitugawia makasia na majaketi ya kuelea. Alipofika kwangu akaitazama glavu, akaona vidole viwili vinaning'inia bila kitu ndani.

"Wewe mama kaa na mabegi," alisema. "Kasia litakuponyoka."

"Litaniponyoka likiwa halijafungwa."

Nikaivua glavu mbele yake. Mkono wangu ukakaa juani mara ya kwanza tangu hospitali, na yule baba akageukia pembeni kama aliyekuta mlango wa bafu wazi. Nikatoa mkasi kwenye mkoba, nikaikata glavu ya dada ikawa mkanda, nikaifunga kwenye kasia na kupenyeza kiganja. Kola alikuja, akauvuta mkanda kwa nguvu zote. Haukusogea.

"Mpe mtumbwi," alimwambia yule baba.

Nilikuwa wa mwisho kuvuka, na nilizunguka mahali pamoja mara mbili kama ng'ombe wa kinu. Mikono, aliyekuwa akinicheka kwa sauti, alipinduka na kunywa maji ya kutosha. Nilifika ng'ambo kwa mkono wangu, nikarudi kwa mkono wangu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Saa nane tukakusanyika hemani kuvaa. Sherehe ilipangwa saa kumi, na wageni wa mahema mengine walikuwa wameshaalikwa. Kola akafungua begi kubwa kwa maringo. Ndani kulikuwa na magauni matano ya kitambaa kizito cha pazia, kola zimesimama, mikono imefura mabegani, vifungo vitano vya dhahabu kifuani. Walikuwa wameyashona kwa wiki tatu, saa za chakula cha mchana, yakipita kutoka meza hadi meza mimi nikifagia huko nyuma.

Mikono alikuwa wa kwanza kuingia ndani ya lake. Akashika kifungo cha juu, akatafuta upande wa pili, akapapasa mpaka chini.

"Jamani," alisema. "Hivi vifungo vinaingia wapi?"

Tukachukua la pili, la tatu, yote. Vifungo vilikuwepo. Vitundu havikuwepo hata kimoja. Pindo alikaza vifungo, akakunja, akatia begini, vilevile anavyokunja mashati ya kupelekwa juu. Hakuna aliyejaribu gauni, kwa sababu kazini kwetu hakuna anayejaribu shati. Kila mtu alimaliza sehemu yake na kuona kazi imekwisha.

Iliniuma, na niliwaambia. "Wiki tatu. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza Kitundu yuko wapi?"

Pindo akaanza kulia. Mikono aliinama akaangalia miguu yake. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Tubane na pini."

"Malkia habanwi na pini. Nipeni sindano na uzi mzito."

Miezi ile ya kukaa nyumbani nilijifunza kwa siri kushona kwa mkono wa kushoto, kwenye shuka kuukuu la dada. Sikumwonyesha mtu kwa sababu vitundu vilitoka vibaya. Sasa sikujali ubaya. Nilichokosa ni kipimo, ukanda wa karatasi wa kuhamishia nafasi za vifungo. Kola alianza kupekua mabegi akitafuta boksi la kukata ukanda. Mimi nikatoa karatasi ya msimamizi na mkasi.

Mikono aliiwahi kabla sijakata. Akasoma kwa sauti, mistari yote sita. Kola alinitazama.

"Ulikuwa utie sahihi?"

"Ndiyo."

"Na sasa?"

Nikaukata mstari wa pili kutoka ukingo hadi ukingo, nikaulaza kifuani mwa gauni, nikatia alama tano za kalamu. Vile vipande vingine Mfuko alivichukua, akavichanachana taratibu.

Kitundu cha kwanza kilipinda, nikakifumua. Cha pili kilikubalika. Kola alinishikia kitambaa, Mfuko akatunga uzi, Pindo akanitobolea kwa ncha ya mkasi, Mikono akaenda kuwaambia wageni kwamba malkia hawaendi kwa saa za watu. Ishirini na vitano. Vidole viwili vifupi vilikandamiza kitambaa na vilifaa kwa kazi hiyo kuliko vilipokuwa virefu. Saa kumi na moja na nusu tulitoka hemani tumefungwa mpaka shingoni, tukacheza muziki, na mwenye mitumbwi alipopita, Mikono alimwamuru ainame. Aliinama.

Jumatatu msimamizi alikuwa akinisubiri kwenye mashine ya vitundu.

"Karatasi yangu?"

Nikampa ule ukanda. Akaugeuza huku na huku.

"Hiki nini?"

"Kipimo. Mkono wangu umefanya kazi wikendi nzima. Nipe shati moja. Vitundu vikitoka vibaya, ufagio najua ulipo."

Akafungua mdomo kujibu, kisha akageuza shingo. Nyuma yake mashine ya kola ilikuwa imezimwa. Ya mikono pia. Mfuko na Pindo walikuwa wamekaa, mikono mapajani, wakimtazama.

Akanirudishia ukanda. Pindo akaleta shati. Nikawasha taa ya mashine, nikalaza kipimo kifuani mwa shati, na kati ya alama zangu maneno ya msimamizi bado yalisomeka vizuri: kwa hiari yangu. Nikakanyaga pedali.