Nyangumi wa Area D

Mwaka ule watu wa sinema za nyumbani waligawanyika kambi mbili, nami nilikuwa mkereketwa wa kambi moja. Kulikuwa na Blu-ray na kulikuwa na HD DVD. Zote ni diski zinazong'aa, ukubwa uleule, na zote zilitoa picha safi kuliko DVD yoyote uliyowahi kuiona. Ila deki ya moja haikusoma diski ya nyingine, ng'o. Ilikuwa lazima moja ife. Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti bungeni, na kila siku kantini niliwatangazia wenzangu kwamba itakayokufa ni HD DVD. Mustapha, tuliyekuwa naye chumba kimoja cha kazi, alisema nahubiri kuliko mchungaji.

Rafiki yangu Fredy alikuwa anauza vifaa Dubai. Alishanipatia televisheni bapa, ikabaki deki. "Castory, chagua," akaniambia kwa simu. "Kontena linafungwa wiki hii." Ningekuwa peke yangu nisingesita.

Lakini mama mkwe wangu, Mama Loisi wa Mpwapwa, alikuwa anapofuka. Presha ya macho. Daktari alimweleza mke wangu Debora bila kuzunguka kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kinaondoka. Tayari mama alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Debora akamuuliza anatamani kuona nini kabla giza halijafika. Nilitegemea aseme wajukuu. Akasema nyangumi. Miaka yote amewasimulia watoto wa shule ya Jumapili habari za samaki huyo mkubwa, na siku moja mtoto akamuuliza kama samaki huyo ana macho. Akajibu anayo, huku mwenyewe hana hakika. Jambo hilo lilimkaa moyoni.

Filamu ya nyangumi ilikuwepo, Fredy aliikuta dukani. Ilikuwa ya HD DVD tu. Ya Blu-ray ilikuwa bado, labda mwakani.

"Basi tusubiri mwakani," nilimwambia Debora. "Kununua HD DVD leo ni kununua ng'ombe anayekata roho."

Debora alikuwa anachambua mlenda. Hakuinua hata kichwa. "Na macho ya mama yanajua kwamba tunasubiri?"

Nilikasirika, maana nilikuwa nimesoma majarida mengi sana na yeye alikuwa sahihi. Nikatoka nje, nikampigia Fredy. "HD DVD," nikasema haraka haraka, nikakata simu kabla sijabadili mawazo.

Mama Loisi alikuja kwetu Area D na basi la Mpwapwa, mvua za Januari zikiwa zimeanza, na mfuko wa karanga mapajani. Hapa lazima nieleze jambo. Mama alilelewa kwa heshima za zamani za kwao: mkwe wa kiume hakai chumba kimoja naye, hamtazami usoni, hamshiki mkono. Mimi ni mtu wa Songea, lakini mkwe ni mkwe, nikafuata. Tangu nimuoe Debora, mimi na mama tulisalimiana kupitia ukutani. "Shikamoo, mama!" "Marahaba, baba!" Basi. Akiwa sebuleni, mimi niko uani. Kwa hiyo siku ya nyangumi nilifunga nyaya, nikaweka diski, nikamwonyesha Debora kitufe cha kubonyeza, kisha nikatoka nje ya sebule yangu mwenyewe.

Nikasimama uani, nyuma ya dirisha. Mama akavuta kiti nyuma ili picha yote iingie katika kile kitundu chake. Akavuta tena na tena, mpaka akaegemea dirishani. Kati ya pua yangu na kilemba chake palibaki nondo na wavu wa mbu tu. Nikabana pumzi.

Bahari ikajaa kioo kizima. Nilikuwa nimejiandaa kukagua kingo za picha, weusi wake, kama kuna mahali inatetemeka. Sikukagua chochote. Ndani ya bluu ile kitu kilianza kuja, taratibu, kikaendelea kuja, na nilipodhani kimeshafika chote kumbe ni pua tu. Vumbi la baharini lilielea mbele yake na uliweza kuona kila chembe. Ngozi ilikuwa na makovu, na juu ya makovu mwanga ulicheza. Halafu likaja jicho. Lilikuwa dogo kwa mwili ule, limezungukwa na makunyanzi, likageuka likatutazama.

"Anayo," mama akasema. "Debora, anayo! Tena kazeeka kama mimi. Ee Mungu wangu, umemuumba huyu ukamficha huko chini, ili aonwe na nani?"

Alikuwa analia na kucheka. Nami huko nje nimeshika nondo za dirisha, mbwa wa jirani ananibwekea, mwili mzima unanisisimka. Niliogopa, na sikutaka woga ule uishe.

Ikawa kila jioni baada ya chai anamtazama, nami niko uani. Majirani walidhani nimefukuzwa na mke.

Februari habari zikatoka kwamba watengenezaji wameachana na HD DVD. Mustapha aliniletea gazeti kantini. "Mhubiri, umetabiri vizuri halafu umenunua maiti!" Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nikacheka nao. Sikujuta hata kidogo, na hilo lilinishangaza mwenyewe.

Macho ya mama nayo yalikuwa yanafika mwisho. Jioni moja Debora alikuwa sokoni, na mama alijiwashia deki kwa kupapasa. Niliona anageuza uso huku na huku akifuata sauti ya maji. Picha ilikuwa safi kama siku ya kwanza.

"Castory," akaita. Hakuwahi kutamka jina langu.

"Naam, mama."

"Najua uko dirishani. Siku zote nakusikia unavyopumua. Ingia."

"Mama, na ile heshima?"

"Heshima ilikuwa ya macho, baba. Sina tena. Njoo ukae."

Nikaingia sebuleni kwangu kwa kunyata, nikakaa ukingoni mwa kochi. Mkono wake ukapapasa hewani, ukapata wangu, ukaukamata. Ulikuwa mkavu na wa moto.

"Niambie anafanya nini."

Nikafungua mdomo. Nyangumi alikuwa anatoka majini, mwili mzima, maji yanamwagika kila upande, akasimama juu ya bahari kana kwamba hana uzito. Mimi niliyeweza kuzungumzia ubora wa picha tangu asubuhi hadi jioni, sikupata hata neno moja.

Mama akanivuta mkono kwa nguvu. "Sema basi, mwanangu," akasema. "Asije akazama hujaniambia."