Zabibu za Makaburini

Mama yangu, Dorothea, alikuwa na mdomo. Simsengenyi, angekuwapo angekuambia mwenyewe, tena kwa fahari. Alimsema mtu mbele yake, kisha akamsema nyuma yake kwa maneno yale yale, na kabla ya kuanza alijikuna unyusi wa kushoto kwa kidole kidogo. Sisi watoto tulipoona kile kidole kinapanda, tulitafuta mlango. Alipofariki tulimzika kwenye makaburi ya parokia yetu ya Mseko, ukishaipita Makutupora, karibu na tangi la maji. Tulimwekea msalaba wa mninga wenye jina lake, na kila Jumapili baada ya Misa nilikwenda kumpa habari za kijiji, kwa sababu nilijua bila habari hapumziki.

Parokia yenyewe na jimbo lake usijisumbue kuvitafuta kwenye kalenda ya Kanisa. Nimevificha kwa makusudi, maana bado nataka kuzikwa na padre.

Paroko wetu, Padre Ludovick, alikuwa mtu wa kuja. Lugha yetu ya Kigogo kwake iliishia kwenye salamu ya "mbukwa" na tabasamu. Alihubiri vizuri, hilo simnyimi. Alihubiri dhidi ya pombe ya mtama mpaka wanawake wawili wa jumuiya yetu wakavunja mitungi yao hadharani, na alihubiri juu ya usafi wa moyo huku akijenga nyumba kule Zuzu kwa ajili ya mpwa wake wa kike. Mpwa huyo alikuwa na watoto wawili waliofanana na Padre mpaka kwenye masikio. Damu ya ukoo ina nguvu, tuliambiana, na tukaendelea kupanga maua ya altare.

Mimi ndiye ninayepanga hayo maua na kufua vitambaa vya sakristia, kwa hiyo naona mengi. Lakini hili sikuliona, kwa sababu nilikuwa Kongwa kwa binti yangu aliyejifungua. Niliporudi nilichukua chupa yangu ya maji nikaenda kumwambia mama kwamba amepata kitukuu, nikakuta makaburi hayapo. Palikuwa na mistari ya trekta, nguzo, waya, na miche ya mizabibu imesimama kwa adabu. Msalaba wa mninga niliukuta jikoni kwa Padre, umepasuliwa, unasubiri kuivisha maharage.

Nililia pale pale jikoni. Sikulia kwa unyenyekevu. Nililia kwa hasira, na mpishi alinipisha.

Padre alitangaza kanisani kwamba mifupa yote imehamishwa kwa heshima zote kwenda mahali patakatifu, ambapo tutaonyeshwa wakati ukifika. Shamba lile, alisema, litaitegemeza parokia. Nilimfuata ofisini, nikamwamkia Tumsifu Yesu Kristo, akaitika milele amina, nikamwomba mifupa ya mama yangu. Akaniambia mawazo yetu yawe mbinguni. Nilipokwenda mara nyingine aliniambia kwamba nasumbua, na kwamba nikiendelea atanizuia kupokea komunyo mpaka nitakapotubu. Kutubu nini hakusema. Nikaendelea kufua vitambaa, na kila nilipovikamua nilikuwa na mtu kichwani.

Msimu wake ulipofika, mizabibu ilizaa kuliko ya mtu yeyote huku kwetu. Zabibu zilikuwa nyeusi, zimebanana, na wachumaji walisema ukisimama kati ya mistari unasikia watu wakinong'ona kama waamini kabla Misa haijaanza. Padre akasema ni upepo. Akakamua mstari kwa mstari, kila mstari pipa lake, akabandika kwenye chupa namba ya mstari na picha ya kanisa letu.

Wa kwanza kuionja divai hiyo alikuwa Ernest, msakristia, mtu mpole ambaye hata nzi humfukuza kwa kumsihi. Alikunywa nusu kikombe, kisha akauliza kwa sauti nzito ya kukoroma ni nani aliyechukua fimbo yake na kwa nini mbuzi wamefungwa kwenye jua. Sote tuliijua sauti ile. Ilikuwa ya marehemu Bartolomayo, katekista wetu wa zamani, ambaye hata Ernest mwenyewe alisaidia kulibeba jeneza lake. Alimaliza kwa kusema kwamba kuna nguzo imepita kwenye goti lake, inauma. Ernest aliporudi kuwa Ernest hakukumbuka neno, isipokuwa goti lilimsumbua juma zima.

Habari za mjini alizileta Mudrick, dereva wa gari la mizigo, Mrangi wa Kondoa. Mudrick ni Muislamu safi asiyegusa kileo, kwa hiyo ndiye shahidi pekee wa kuaminika kwa mambo ya baa. Alisema alishusha chupa sehemu moja, akakaa apate soda, na kabla soda haijaisha mteja mmoja mwenye tai alikuwa anambembeleza mtoto asiyeonekana kwa wimbo wa Kigogo. Mwingine alikuwa anadai jembe lake. Mwenye baa alirudisha mzigo uliobaki.

Padre alisema huo ni ushirikina. Alinyunyiza maji ya baraka juu ya mapipa, akabadilisha picha kwenye chupa, akatafuta wateja wa mbali zaidi. Ila niliona jambo moja. Yeye mwenyewe hakuigusa. Wageni walipomkaribisha glasi ya divai yake alisema ameweka nadhiri ya kutoionja, kwa unyenyekevu. Na ya altare aliendelea kuagiza ile ile ya kawaida, anaificha kabatini na ufunguo anao yeye. Hapo nikajua kwamba anajua. Nikajua pia kwamba mama yangu hakuhamishwa kwenda popote.

Basi akaja Baba Askofu Raphael kutoa kipaimara na kubariki mapipa. Kanisa lilijaa mpaka nje. Kwenye chumba cha sakristia tulikuwa wanne: Askofu, Padre, Ernest, na mimi na maua yangu. Padre alikuwa anafungua kabati lake Askofu alipomshika bega.

"Leo tutumie ya kwenu, Ludovick. Kwenye semina uliwaambia mapadre wote kwamba ni zabibu tupu, safi kuliko ya Ulaya."

Padre akasema bado ni changa. Askofu akasema changa ndiyo tamu. Padre akasema labda Ernest hajui chupa ziliko. Ernest, ambaye hajawahi kusema uongo maishani, akasema anajua, na akaenda kuleta. Padre akanitazama mimi. Mimi nikatazama maua.

Kichupa cha divai cha altare ni kazi yangu kukijaza. Kawaida naweka kidogo, mtu asipoteze. Siku hiyo nilijaza mpaka mdomoni, nikakipeleka altareni.

Misa ilikwenda vizuri. Askofu aliimimina yote kwenye kikombe cha kalisi, akaitamkia maneno matakatifu, na mimi nilipiga magoti kwa imani yangu yote, sitaki mtu anielewe vibaya. Baadaye nilimuuliza Ernest inawezekanaje wafu wakabaki mle hata baada ya maneno matakatifu. Akafikiri, akasema kwamba sisi tunasadiki ushirika wa watakatifu, walio hai na wafu, sasa walitakiwa waende wapi. Sijapata jibu bora zaidi.

Padre alikuwa ameweka matumaini yake kwa Askofu, nadhani. Askofu ndiye mwadhimishaji, angekunywa yeye, angesema yeye. Lakini Baba Askofu ana vidonda vya tumbo. Aliichovya hostia kidogo tu kwenye divai, akala, akamsogezea Padre kalisi nzima.

Kitu hicho hakimwagwi. Hakitemwi, hakirudishwi kwenye chupa, hakiachwi mpaka kesho. Kikishageuzwa kuwa Damu ya Kristo kinanywewa chote, na hilo hata mtoto wa kipaimara analijibu kwenye mtihani. Padre alishika kalisi kwa mikono miwili. Mbele yake kanisa zima, kando yake Askofu. Jasho lilimtoka likadondoka kwenye vazi la kasula. Akafumba macho akanywa, akanywa, akanywa, koo lake linapanda na kushuka.

Alikwenda mwenyewe kwenye mimbari kusoma matangazo. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha mkono wake ukapanda taratibu, na kidole kidogo kikaanza kukuna unyusi wa kushoto.

Nyuma yangu dada yangu aliinuka kutafuta mlango.

"Mbukwenyi," alisema Padre Ludovick kwa sauti ya mama yangu.

Kanisa zima likaitika, kwa mazoea tu, halafu likaganda. Alisimama magoti yamepanuka kidogo, vile mama alivyokuwa akiibana mapajani muheme, ngoma ya wanawake wa kwetu, na mikono yake ilipiga ubao wa mimbari mara moja kutaka usikivu. Alizungumza Kigogo cha zamani, kile ambacho vijana wetu wenyewe hawakiwezi. Alisalimia ukoo kwa ukoo, akaulizia wagonjwa, akampongeza binti yangu kwa mtoto. Kisha akageukia Kiswahili, ili Askofu asipitwe na kitu.

"Kijana huyu ninayesemea mdomoni mwake amepitisha trekta juu ya mbavu zetu. Hakuna mfupa uliohamishwa. Tuko wote pale, tumebanana na mizizi, na Bartolomayo ana nguzo gotini. Na yule mpwa wa Zuzu, muulizeni Ludovick ni mtoto wa dada yupi. Mama yake Ludovick alizaa mtoto mmoja tu, ndiye huyu. Mama huyo tunaye huku, ametuambia akilia."

Machozi yalikuwa yanamtoka Padre. Macho yale yalikuwa yake, mdomo haukuwa wake, na nilimwonea huruma kidogo. Kidogo sana.

Askofu aliinuka, akanyoosha mkono wenye pete kutaka kumnyamazisha. Sauti ile ikamgeukia kwa upole, upole ambao sisi watoto tuliuogopa kuliko makofi.

"Keti, Raphael. Zamu yako bado."

Baba Askofu aliketi. Wanakwaya wanasema alibadilika rangi. Mimi nilikuwa nimeshatoka kwenye benchi langu, nimefika mpaka chini ya mimbari, na sikujali tena nani ananiona. Nilimwambia mama kwamba msalaba wake nimeukuta vipande. Nilimwambia nimechoka kuongea na waya na nguzo. Nikamwomba aniambie yuko mstari gani, tumng'oe pale siku hiyo hiyo, tumlaze mahali pake na jina lake.

Alinitazama kwa macho ya Padre. Sijui kama umewahi kutazamwa na mama yako kutoka kwenye uso wa mwanamume mwenye ndevu. Sikumbuki vizuri kama niliogopa au nilifurahi, nadhani vyote.

"Mzabibu wa pembeni, karibu na tangi," alisema. "Lakini usiniguse, Loisi. Niliishi miaka yote nikisema, walionisikia wakawa ninyi na majirani tu. Ukiung'oa huo mzabibu nitanyamaza. Niache hapo hapo, mwanangu, nimwagilie maji. Bado nina mengi."

Padre akaanguka.

Amepelekwa kupumzika Kongwa, kwenye nyumba ya watawa. Wanasema anaongea vizuri sasa, kwa sauti yake mwenyewe, ila kila anapotaka kusema uongo kile kidole kidogo kinapanda chenyewe, kwa hiyo siku hizi ni mtu mkweli sana na hapendwi na mtu.

Baba Askofu alitueleza juma lililofuata kwamba paroko wetu alipatwa na kisukari pamoja na uchovu wa kazi. Sauti tulizosikia zilikuwa za ugonjwa. Mambo ya familia ya Kanisa yabaki ndani ya familia, na atakayezungumza na waandishi wa habari ajihesabu yuko nje. Kuhusu makaburi, itaundwa kamati. Mzee mmoja wa jumuiya akainua mkono akauliza kama divai basi haina neno, na kama haina, mbona imefungiwa ghalani. Watu wote wakamgeukia Askofu.

Angesema ina neno, angekuwa amekubali yote. Akasema haina neno lolote, na ili kuwathibitishia waamini hilo, chupa zote zitapelekwa makao makuu ya jimbo kwa ajili ya jubilei. Mapadre wote wa jimbo watakuwapo, maaskofu wageni, waheshimiwa kutoka mjini, wote wataalikwa kunyanyua glasi.

Mudrick alikuja na gari lake asubuhi. Ernest alibeba makasha kwa kusihi mgongo wake, nami niliyapokea na kuyapanga, nikiweka majani makavu katikati chupa zisigongane. Mudrick alishangaa. Alisema hajawahi kuniona nikihangaikia mali ya Padre kiasi kile, nami nikamwambia aendeshe polepole kwenye matuta.

Kabla hajafunga turubai nilipanda nyuma nikatafuta kasha la divai ya mstari wa pembeni, ule wa karibu na tangi. Nilikuwa nimeliwekea alama. Nililisogeza mbele kabisa, liwe la kwanza kufunguliwa, nikaweka kiganja juu yake.

"Safari njema, mama," nilimwambia, na nikashuka kwenda kumwagilia.