Viroboto kwa Mama Gervas

Marietha alisimama katikati ya sebule yake, amevaa soksi nyeupe za shule za mwanawe, gauni kalipandisha mpaka magotini, anasubiri kuumwa. Muuza duka la dawa za mifugo kule Tegeta ndiye aliyemfundisha. Vaa soksi nyeupe, alimwambia, tembea taratibu nyumba nzima, na pale watakapokurukia kwa wingi ndiko wanakoishi. Gervas mwenyewe alikuwa mtu mzima sasa, yuko Songea na watoto wake, na mpira wa zile soksi ulikwisha kulegea. Lakini weupe ulikuwepo, na weupe ndio uliotakiwa.

Sebuleni aliruka kiroboto mmoja tu. Chumbani kwake hakuna, maana huko alikuwa amepiga deki kwa mafuta ya taa mpaka kichwa kikamuuma. Akaingia koridoni, hatua moja moja, kama mtu anayevizia kuku. Alipofika mwisho, mbele ya mlango wa mpangaji wake Noela, aliinama na kuona doa jeusi, kisha jingine, kisha soksi nzima imechangamka.

"Nilijua," akasema peke yake.

Hakujua. Alikuwa anashuku, ila kwa Marietha kushuku na kujua vilipanga chumba kimoja na havikuwahi kugombana. Tangu viroboto walipoingia nyumba hii iliyo juu ya kilima cha Madale, alikuwa amekwisha kumshuku mchunga mbuzi anayepita nyuma ya uzio, mtoto wa jirani anayekuja kuomba chumvi, na hata mchungaji wa kanisa lake, aliyekaa kwenye kochi siku moja na kujikuna shingo. Wote hao aliwasamehe. Alibaki Noela. Muuza dawa alikuwa amemuuliza, "Mama, una paka?" Akajibu hana. "Mbwa je?" Hana. "Basi kuna mtu humo ndani anaye," alisema yule kijana, akageukia mteja mwingine. Maneno hayo Marietha aliyabeba kutoka Tegeta mpaka Madale kwa uangalifu kuliko chupa ya dawa yenyewe.

Mlango ulifunguliwa. Noela alikuwa anatoka kwenda saluni anakosuka watu, mkoba begani, chanuo limechomekwa kwenye nywele. Alimkuta mama mwenye nyumba ameinama mlangoni kwake na soksi za shule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Paka yuko wapi?"

"Paka gani tena?"

"Usinifanye mtoto, Noela. Nasikiaga kitu kinalia ukutani. Nyumba yangu haikuwahi kuwa na viroboto. Umekuja wewe, wamekuja."

Noela alicheka, akidhani ni utani, kisha akaona si utani. "Mama, mie nimekaa humu tangu Pasaka ya mwaka juzi. Paka nimfugie wapi? Chumba chenyewe nikigeuka nagonga kabati. Na hicho kinacholia, hata mie nakisikiaga. Ni stooni kwako."

"Stoo ina mikeka ya watu," alisema Marietha, kana kwamba hilo linamaliza kesi.

"Sasa mie ndiyo nimesema nini?"

"Utafute chumba kingine. Mwezi huu ukiisha, tuachane kwa amani."

Noela alinyanyua pindo la sketi yake akamwonyesha miguu. Ilikuwa na vipele vyekundu kuanzia kwenye kifundo mpaka juu, vingine vimekunwa mpaka vimetoa damu, na juu yake kapaka mafuta mengi ili wateja wasione. "Na mie wananila, mama," alisema. Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Marietha alibaki na ushindi wake koridoni na hakuona raha yoyote. Alijiambia kwamba mwenye kosa lazima anune. Tena jana yake, kwenye simu, alikuwa amekwisha kumweleza Mama Rogers kwamba viroboto ni wa mpangaji, na kwamba anamtoa. Neno likishafika kwa Mama Rogers halirudi.

Huyo Mama Rogers, jina lake Kokuberwa, alikuwa mwenyekiti wa kikundi chao cha kufa na kuzikana. Yeye ana daftari na muhuri. Marietha ana mikeka. Kila nyumba ya mtaa ule iliyofiwa, iwe ya Kiislamu au ya Kikristo, ilipata mikeka kutoka stoo ya Marietha, kwa sababu wafiwa wa kike hukaa chini, na mwanamke wa kukaa kwenye kiti mbele ya mfiwa bado hajazaliwa Madale. Ilikuwa mikeka ya ukindu, mipana, mingine ameishona mwenyewe, ukili kwa ukili, kwa shazia, ile sindano kubwa ya babu yake aliyoletewa kutoka Masasi. Ukirudi umechanika, anaushona. Ukirudi una doa la chai, anaufuta kwa maji ya ndimu. Mumewe Fredrick alipokufa, watu waliacha kugonga mlango wake, ila kwa mikeka waligonga. Kwa hiyo mikeka ilikuwa kila kitu. Mama Rogers alikuwa amekwisha kusema mara kadhaa kwenye vikao kwamba dunia imekwenda mbele, kuna mikeka ya plastiki, nyepesi, unaimwagia maji tu, na gereji yake ina nafasi. Marietha aliyasikia hayo na kulala macho.

Kitu kimoja tu hakukifanya na mikeka ile: hakuianika. Akina mama wote wa kikundi walishika hilo. Mkeka wa msiba ukiuona uani juani, unauliza nani amekufa, na asipokuwepo aliyekufa basi umemwita. Mwaka mmoja Apolonia wa bondeni alianika mmoja kwa kusahau, na wiki hiyo hiyo akazika mama mkwe. Tangu hapo mikeka ilikunjwa na kukaa gizani mpaka ihitajike. Panya waliipenda sana. Marietha akawa anaacha wazi kile kidirisha cha stoo, na vichwa vya dagaa kwenye kizingiti chake, ili paka wa mtaa aingie kuwakimbiza. Paka huyo hakumhesabu kuwa wake. Alikuwa wa mtaa, kama nguzo ya umeme.

Simu ililia kabla hajavua soksi.

"Mama Gervas, Mzee Mwinjuma ametuacha," alisema Mama Rogers. "Asubuhi hii. Wanazika leo leo baada ya alasiri. Nakuja na guta, tuwahi kutandika."

Marietha alikaa chini. Mzee Mwinjuma alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, aliyemtengenezea kitasa cha geti bila kuombwa. Alimlilia kidogo, kwa kweli. Na chini ya machozi, aibu iliyoje, kulikuwa na kafuraha kadogo: mikeka inatakiwa. Tangu mvua za masika hakuna aliyeigusa.

Alichukua ufunguo, akafungua stoo iliyotazamana na mlango wa Noela, akaingia.

Kwanza alidhani ni vumbi limempanda miguuni. Kisha vumbi likaruka. Lilimpanda kwenye soksi, likavuka soksi, likafika kwenye magoti, mpaka weupe ukawa haujulikani. Alivuta mkunjo wa kwanza wa mikeka, ule mzuri wa mistari ya zambarau, na nyuma yake akaona shimo la mviringo lililolaliwa vizuri, manyoya mengi ya kijivu na mifupa ya dagaa. Paka alikuwa amezaa hapo, amelea hapo, amehama na wanawe. Viroboto wake ndio waliobaki, wana njaa, wakisubiri miguu ya mtu.

Marietha alitoka akakimbilia uani, akajimwagia ndoo ya maji kuanzia kiunoni. Aliona kila kitu kwa mpigo mmoja: dagaa, kidirisha, miguu ya Noela yenye damu. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Na hapo hapo, kwa sababu ndivyo alivyo, akaanza kutafuta nani mwingine angeweza kuwa na kosa hilo. Hakumpata.

Guta la magurudumu matatu liliingia uani. Mama Rogers alikuwa mbele kwa miguu, kitenge cheusi, jasho usoni, na kijana wa guta nyuma yake. Marietha alikuwa amekwisha kurudi kwenye mlango wa koridoni, stoo ameifunga, gauni linachuruzika maji.

"Pole, Mama Gervas. Haya, tupakie."

"Mikeka haitoki," alisema Marietha.

"Haitoki kivipi?"

"Haitoki leo."

Mama Rogers alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi. "Ni ule mfereji?" aliuliza taratibu. Mwaka jana Marietha na mke wa Mwinjuma, Mama Marijani, walikuwa wamegombana kwa ajili ya mfereji wa maji ya mvua, na mtaa mzima ulisikia. "Mtu amekufa, Mama Gervas. Mwenzio hana hata pa kukaa alie. Unamnyima mkeka kwa ajili ya mfereji?"

"Siyo mfereji."

"Basi ni dini?"

"Mungu wangu! Lini mie nimebagua maiti?"

Kijana wa guta aliacha kuchezea simu. Geti nalo lililia, akaingia Noela. Saluni ilikuwa imefungwa, maana mwenye saluni ni mpwa wa marehemu. Alisimama pale pale getini, mkoba begani. Mama Rogers alimwona, na uso wake ukapata nafuu, kama mtu aliyekumbuka alipoweka miwani.

"Ahaa," alisema. "Ni mambo ya huyu? Wale viroboto wake uliokuwa unaniambia jana? Wamefika mpaka kwenye mikeka?"

Njia ilikuwa imefunguliwa, pana, imefagiliwa. Marietha alihitaji tu kutikisa kichwa. Asingekuwa hata ameongopa kwa mdomo. Noela angeondoka mwisho wa mwezi na jina hilo, mikeka ingepigwa dawa kwa heshima, na ufunguo ungebaki kwenye pindo la kanga yake. Noela alikuwa anamtazama. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anangoja tu, kama mtu anayejua anachokwenda kusikia.

"Siyo yeye," alisema Marietha. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Siyo Noela. Ni mie. Paka kazalia kwenye mikeka, na dirisha nimemwachia mie, na chakula nimempa mie. Viroboto wamo humo wamejaa. Nikiwapa hiyo mikeka, nitakuwa nimempelekea Mama Marijani msiba wa pili."

Kijana wa guta alirudi nyuma hatua mbili, akajitazama viatu.

"Basi tutatandika ile ya plastiki," alisema Mama Rogers. "Ipo gerejini kwangu. Niliwahi kuinunua, nikasema huwezi jua." Hakuonekana kufurahi, au kama alifurahi aliificha furaha hiyo vizuri, na Marietha aliitafuta usoni mwake mpaka guta lilipotoka getini.

Noela alipita koridoni, akafungua chumba chake, akafunga. Marietha alisimama mbele ya mlango ule akitafuta neno. Alisikia kabati likigongwa, zipu ya begi ikivutwa. Kama ilikuwa inafunguliwa au inafungwa, hakuweza kujua. "Noela," aliita. Zipu ikavutwa tena, naye akaenda kufanya kazi yake.

Alikokota mikeka yote nje akaitandaza juani, uani, kwenye uzio, mpaka juu ya banda la kuku lisilo na kuku. Akaipulizia dawa mpaka macho yakatoka machozi. Waliopita nje waliuliza nani amekufa, na leo aliweza kuwajibu. Kisha akachemsha maji, akaoga kwa sabuni ya kufulia, akavaa gauni lililopigwa pasi na kanga ambayo haikuwahi kuingia koridoni, akateremka kilima.

Habari ilikuwa imefika kabla yake. Sebuleni kwa Mama Marijani wanawake walikaa wamebanana kwenye plastiki ya bluu na nyekundu iliyong'aa kama keki ya harusi. Marietha alimpa mfiwa mkono, wakalia pamoja kidogo, na mfereji ukaishia hapo. Lakini alipotafuta pa kukaa, wanawake wawili karibu na mlango walisogea, na mahali palipopatikana palikuwa papana kuliko ilivyohitajika. Walikuwa wanampisha au wanamkimbia? Mmoja alimtabasamia. Marietha alilichunguza tabasamu lile na hakulielewa. Akakaa. Plastiki ilikuwa ya baridi na ilipiga kelele chini yake.

Baadaye aliingia Noela, kanga kichwani na nyingine kiunoni. Alizungusha macho chumba kizima. Pale palipokuwa papana ndipo pekee palipokuwa na nafasi, akaja akakaa hapo, bega kwa bega na Marietha, akitazama mbele. Hakumsalimia.

Nje sauti za wanaume zilipanda, wakianza kulinyanyua jeneza. Ndani kukawa kimya, na katika kimya hicho kitu kikamtekenya Marietha kwenye ugoko. Labda ni jasho. Labda ni uzi wa kanga. Kikatekenya tena, juu kidogo. Alifumbata mikono yake mapajani, akabana meno, akahisi macho ya chumba kizima yakimngoja.

Hapo Noela alishusha mkono wake, akapandisha kanga, akaanza kujikuna mguu wake mwenyewe, waziwazi, taratibu, bila kugeuza uso. Wanawake wote wakamgeukia yeye. Kucha zilipita kwenye vipele vile, juu, chini, juu, na jeneza likatoka getini, na Noela alikuwa bado anajikuna.