Zamu ya Jumapili Mtoni

Munyao, mwenyekiti wetu wa kikundi, alipotangaza kwamba Jumapili kila mtu aende harambee ya kanisa, hata walinzi wa mto, masikio yangu yalisimama. Mimi nilistaafu kutoka jeshi la wanamaji, jikoni mwa meli ya vita, na mpishi wa meli hanusi sufuria tu.

Sisi watu wa Kalama hatuna bahari. Tuko na mto mkavu na ukuta wa mawe tuliojenga kwa mwethya, kile kikundi cha kazi ambacho filimbi yake ikilia, kila nyumba hutoa mtu, na anayechelewa hutozwa kuku. Ukuta unashika mchanga, mchanga unashika maji. Wezi wakiubeba huo mchanga kwa malori, kiangazi tutakunywa vumbi. Kijiji cha ng'ambo wezi hao walikuja ghafla, wakawaachia mawe tu.

Kwa hivyo nikakigeuza kilima changu kuwa meli. Zamu ya asubuhi, zamu ya mchana, kila mtu na kituo chake.

"Baba Tracy," mke wangu Wanza akalalamika, "hapa ni kwa mbuzi, si melini. Mtu akienda choo lazima akuage?"

"Lazima. Melini hata kapteni alikuwa anaaga."

Nikamkumbusha siku vita vilipotukuta baharini. Haikuwa siku ya mawimbi. Soksi zimeanikwa kwenye mizinga, redio inaimba, mimi nakaanga mandazi. Ikaja mashua ya kutuletea maji, watu wake wanatupungia mkono. Maji gani, na mashua inaelea juu kama debe tupu? Nikagonga sufuria, kila mtu akakimbilia kituo chake, na kombora lao la kwanza nikalirudisha kwa kifuniko. Wanza husema kifuniko hicho kinakua kila mwaka. Kinakua kweli, ni chuma kizuri.

Sasa Munyao ndiye aliyekuwa mashua yangu ya maji. Juzijuzi alitupigia filimbi tupanue njia ya kuteremka mtoni. "Ni ya ambulensi," alisema. Tukachimba, tukasawazisha, tukaimba. Hakuna aliyeuliza ni mgonjwa gani anaishi mtoni. Mwethya hauulizi, unachimba. Baadaye nikaenda nikalala kwa upana wa ile njia kuipima, kichwa huku, miguu kule, na bado nafasi ya Wanza ikabaki. Lori lingepita bila kugusa kichaka.

Munyao akanikuta hapo chini. "Mbona unalala njiani, kapteni?"

"Nangoja ambulensi."

Akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika machoni.

Jumapili nikajifanya tumbo linaniuma. Wanza akaenda na kwaya, mimi nikapanda kilimani na filimbi yangu. Kanisa liko pale chini tu. Nguo zimeanikwa kila boma, hakuna hata mbwa anayebweka. Utulivu ule ndio ulionitia baridi. Kisha nikaona vumbi. Malori mawili yanateremka polepole, kama wageni wanaoijua njia.

Ningepiga yowe la wezi, watu wangefikiria kwanza. Wale vijana wa malori hubeba mapanga. Nikaipiga filimbi yangu kama ya mwethya. Hiyo hakuna anayeifikiria, wanafikiria kuku.

Kanisa likamwagika. Kwaya, katekista, hata mgeni wa heshima, wote wakayavamia majembe ya kikundi yanayolala nyuma ya kanisa.

"Tunachimba nini?" Wanza akauliza, anahema.

"Njia. Hapa, nyuma ya malori."

Wezi walipokuwa wamejaza sepetu chache tu, mtaro ulikuwa unanifika kifuani. Wakaitazama kwaya na majembe yake, wakavuka mto kwa miguu. Malori bado yako pale. Kuku wa faini wanatagia ndani ya moja, na lile lingine wameanza kuliulizia.

Na aliyechimba kuliko wote ni Munyao. Shati lilimchanikia mgongoni, watu wakamshangilia. Jioni akaja kwangu, mpole kabisa.

"Kapteni, zamu ya Jumapili nipe mimi. Wewe uwe unaenda kanisani na mama."

Nimempa. Kila Jumapili anakaa kwenye kiti changu, anautazama mto. Mimi nakaa ndani ya mkonge nyuma yake, namtazama yeye. Wanza anatuombea sote wawili.

Mpaka sasa hajafanya kitu. Ila anageukageuka sana kwa mtu anayelinda mbele.